Wali kinyume: shajara ya chemshabongo ya Jumamosi

Jumamosi ya 1

Mradi umeanza rasmi leo. Kabla ya mwaka kwisha nataka niwe nimemaliza, peke yangu, fumbo lile gumu la gazeti la Kiingereza la wikendi. Sisemi lile jepesi la pembeni, ambalo ukijua mji mkuu wa Peru ni Lima umeshajaza viboksi vinne. Nasema lile la chini yake, ambalo kila dokezo linasomeka kama maneno ya mtu mwenye homa.

Mwalimu wangu ni Ami. Alikuwa karani wa kuhesabu shehena bandarini Kilindini, Mombasa, na fumbo hili alilijulia huko, kwenye magazeti yaliyoachwa na mabaharia. Kila Jumamosi baada ya alasiri hukaa barazani kwake Kibokoni na birika la kahawa, sahani ya kashata na gazeti limekunjwa mara nne. Masharti aliyonipa ni matatu: kalamu ya risasi, raba, simu mfukoni. Yeye mwenyewe huandika kwa biro. Sijawahi kumwona akifuta.

Nimepata dokezo 1 kati ya 28, na hilo nalo kwa kusukumwa. Lilisema: I, a robin, flew to African capital (7). Yaani mimi, ndege robin, niliruka hadi mji mkuu wa Afrika. Nikaanza kuwaza ndege. Robin huhama? Hufika Kairo? Ami akapiga funda la kahawa. "Usisome, mwanangu. Hesabu." I ni moja, A ya pili, ROBIN tano: saba, na saba ndizo zinazotakiwa. Lile neno flew halirushi ndege yeyote, linarusha herufi. Zikitua upya, zinatua NAIROBI.

Nimekaa Nairobi miaka minne. Kumbe muda wote huo mle ndani mlikuwa na ndege.

Jumamosi ya 2

3 kati ya 28.

Leo nimefundishwa mfupa wa dokezo. Ncha moja, ya mwanzo au ya mwisho, ni maana ya jibu, kama ilivyo katika kamusi. Sehemu iliyobaki ni njia ya kulijenga jibu hilo herufi kwa herufi. Hakuna neno la bure. Mtungaji anayejiita Azed, aliyeanza kutunga kwenye gazeti la Observer la London mwaka 1972, ndiye aliyeiweka sheria hii kwa ufupi kuliko wote: maana iliyo sahihi, njia iliyo ya haki, na kisiwepo kingine. Kabla yake kulikuwa na mwingine aliyejiita Afrit. Jina hilo kwetu halihitaji ufafanuzi, afriti ni afriti. Huyo alisema mtungaji halazimiki kumaanisha anachosema, ila analazimika kusema anachomaanisha. Nilipomwambia Ami hivyo akasema basi huyo afriti ni muungwana kuliko mawakili wengi anaowajua.

Dokezo langu la kwanza bila msaada: Question a Republican, one African soldier (6). Uliza ni ASK, kisha A, Republican hufupishwa R, moja ni I. ASKARI! Neno letu wenyewe, limevaa suti. Nimelipata kabla ya Ami, na nimemwona akijifanya anatafuta miwani.

Jumamosi ya 3

3 tena. Sina raha.

Kilichoniangusha ni neno flower. Nimezunguka nalo nusu saa nikitafuta waridi, asumini, yungiyungi. Kumbe mtungaji alimaanisha kitu kinachotiririka, kutoka flow, na jibu lilikuwa THAMES, mto. Huu nao ni mchezo wa zamani, nimeambiwa, na kila anayeanza huumwa na nyoka huyu mara moja. Nimeandika ukutani: ua linaweza kuwa mto.

Tatizo jingine ni kriketi. Baharia ni AB au TAR, hapo Ami ananipita bila jasho kwa sababu amewahesabia mizigo. Upande wa kushoto ni PORT. Lakini bata (duck) akiwa O kwa sababu mchezaji ametoka bila pointi, na msichana (maiden) akiwa M kwa sababu kuna duru za kurusha mpira zisizofungwa hata pointi moja, hapo sote wawili tunabaki kutazamana. Jumatatu nilimuuliza mteja mmoja mzee wa Kihindi anayekuja kutoa fotokopi dukani kwangu, aliyecheza kriketi ujanani. Alinichorea uwanja mzima nyuma ya risiti. Foleni ikafika mlangoni.

Jumamosi ya 5

6 kati ya 28. (Ya nne sikuhesabu, kulikuwa na harusi.)

Maneno yaliyofichwa sasa nayaona. Book found in best omelettes (4): chungulia mwisho wa best na mwanzo wa omelettes, TOME imelala hapo katikati kama paka chini ya kitanda. Ukishaijua njia hii unaona aibu kwa yote yaliyokupita.

Jumamosi ya 7

Nimefanya ujinga. Nilikuwa na 9, nikajiona, nikaazima biro. Nikaandika jibu la wima la herufi nane lililokuwa na maana sahihi kabisa, ila njia yake sikuihakiki. "Linaingia," nikajiambia. Likaingia. Na kila nilichokijaza kando yake baada ya hapo kikawa takataka. Kona yote ya juu kulia imeharibika, na wino haufutiki. Ami hakunikemea. Alisema tu kwamba jibu ambalo hujui kila neno la dokezo limefanya kazi gani bado ni bahati nasibu, akaniachia upande wa chini wa gazeti.

Tangu hapo nimeanza kutoa nakala tano za fumbo dukani kabla ya kuja. Faida pekee ya kazi yangu katika mradi huu.

Jumamosi ya 9

12 kati ya 28. Saa tatu na mabirika mawili ya kahawa.

Nimekuwa nikisoma asili ya adhabu hii. Fumbo la kwanza la aina ya viboksi lilitoka New York, katika gazeti la World, tarehe 21 Desemba 1913, na mtungaji alikuwa Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool. Lilikuwa na umbo la almasi na maswali ya kawaida tu. Waingereza ndio waliolitia sumu. Mwaka 1926 Edward Powys Mathers alianza kutungia Observer kwa jina la Torquemada, yule mkuu wa mahakama ya mateso ya Uhispania. Aliyemrithi akajiita Ximenes, mkuu mwingine wa mahakama hiyo hiyo. Hawakuficha nia.

Na kuna hili: Januari 1942, katikati ya vita, gazeti la Daily Telegraph liliandaa shindano la kumaliza fumbo lake ndani ya dakika 12. Baadhi ya walioshiriki waliitwa baadaye kwenda Bletchley Park kuvunja siri za Wajerumani. Nimemsomea Ami. Akatazama saa, akatazama kona yetu tupu, akasema Wajerumani wangeshinda.

Dokezo maarufu nililolikuta humo humo: HIJKLMNO (5). Hakuna hata sentensi. Ni herufi za H hadi O, na kwa Kiingereza "hadi" inasikika sawa na "mbili". H mbili na O: WATER. Nimelitazama kwa dakika kumi baada ya kujua jibu.

Jumatano usiku, kati ya ya 9 na ya 10

Hii haimo katika ratiba, lakini imebadilisha mradi.

Nilikuwa jikoni kwa Nyanya namweleza jinsi herufi zinavyogeuzwa. Anakuna nazi, hanitazami. Akasema, "Tale jima." Nikamwambia sijasikia. "Tale jima, mwanangu, jungu litaungua." Nikasimama kama mlingoti. Akacheka mpaka akaweka mbuzi chini. Leta maji. Silabi ya mwisho imeruka mbele: leta ikawa tale, maji ikawa jima.

Hicho ni kinyume. Walikisema wakiwa wasichana ili mama zao wasielewe wanapanga nini, na wenye ulimi mwepesi waliweza kukisema asubuhi hadi adhuhuri bila kuteleza. Nimetafuta: Askofu Steere, aliyekuwa Unguja katika karne ya 19, aliweka mifano ya kinyume mwishoni mwa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili. Nyumba huwa mbanyu. Kwa hiyo zamani kabla ya Wynne kuchora almasi yake, watu wa pwani hii walikuwa wakifungua na kufunga maneno hewani, bila karatasi.

Nyanya akaendelea na nazi yake. "Na wali je?" akauliza. Wa-li. Li-wa. Wali, liwa. Chakula kikigeuzwa kinaliwa. Na liwa pia ni ile ya msandali anayopakwa bibi harusi. Sikulala vizuri.

Jumamosi ya 10

Gazeti: 11. Nimerudi nyuma kwa moja na sijali.

Mradi sasa una miguu miwili. Wa pili: kutunga fumbo la namna hii kwa Kiswahili, viboksi 9 kwa 9, lenye sheria za Azed, limalizike kwa kusomeka. Nina madokezo manne tayari.

Samaki waliotibuka majira ya mvua (6). Vuruga herufi za SAMAKI, utapata MASIKA. Hili lilinijia matatuni Nyali na nilipiga kelele.

Waliofika Lamu wameficha chombo cha mwandishi (6). Soma tena polepole "fika Lamu". KALAMU imo, nzima, haikuvunjika hata kidogo.

Mla majani mkuna nazi (5). MBUZI, wa miguu minne na ya kukalia.

Wali kinyume, bibi harusi hupakwa (4). LIWA.

Jumamosi ya 11

Kugeuza neno zima herufi kwa herufi, kazi ambayo Kiingereza kinaifanya kila mahali, kwetu karibu haiwezekani. Maneno yetu huishia na irabu. Yageuze, yataanza na irabu, na mengi yatatoka vitu visivyotamkika: kitabu ni ubatik. Nimehangaika wiki nzima nikapata moja la kuweka: Ukirudi kutoka Amu utapata cha kulia (3). AMU kinyumenyume ni UMA. Wa Lamu wenyewe hawatahitaji kuambiwa Amu ni wapi.

Kwa silabi, milango inafunguka: chapa na pacha, kata na taka, lima na mali. Basi nikafikiri, kwa nini kila kiboksi kisibebe silabi badala ya herufi? Wajapani hujaza yao hivyo, alama moja ya kana katika kila kiboksi. Nikachora. Sa-ma-ki, viboksi vitatu. Wa-li, viwili. Maneno yetu mengi ya kila siku ni ya silabi mbili au tatu, kwa hiyo ukurasa ukawa kama punje za mtama zilizomwagika, hakuna kinachoshikana na kingine. Ami aliutazama kwa heshima, kisha akauweka chini ya birika lisiunguze meza.

Tunarudi kwenye herufi.

Jumamosi ya 12

Gazeti: 15. Lakini leo nataka kuandika kuhusu irabu, maana nimekwama hapo kwa siku sita.

Katika fumbo la Kiingereza la aina hii, jibu la mlalo hukutana na majibu ya wima kila baada ya kiboksi kimoja. Kimoja kinakutana, kinachofuata kinasimama peke yake. Herufi za makutano ndizo ushahidi wako. Sasa tazama neno la Kiswahili lilivyo: konsonanti, irabu, konsonanti, irabu, kama hatua za mtu anayechechemea. Ukiliweka katika viboksi hivyo, makutano yote yanaangukia konsonanti, au yote yanaangukia irabu.

Yakiangukia konsonanti, mambo ni matamu. S-M-K- inakupa samaki, sumaku, simika, na hapo mimi nimechoka kutafuta. Yakiangukia irabu, umekwisha. -A-A-I ni samaki. Ni kabati pia. Ni bahari, habari, safari, hamali, karani, nanasi. Nimesimama kwa kuchoka tena, na safari hii si kwa sababu maneno yamekwisha. Mfumbuaji ana nusu ya herufi mkononi na bado hajui kama anatafuta mnyama, fenicha au mfanyakazi wa bandarini. (Ami aliuliza kwa nini nimemweka karani mwisho, baada ya hamali.)

Si maneno yote yana mwendo huo. Nyumba na mbuzi zina konsonanti zilizobebana. Ng'ombe ana shida yake ya ziada: ritifaa ikae wapi? Nimeamua haina kiboksi. Lakini mengi yanachechemea vile vile, kwa hiyo nimelichora jedwali upya mara tano nikisogeza maneno kiboksi kimoja kushoto, kimoja juu, ili konsonanti ndizo zikutane. Nimefanikiwa kote isipokuwa kona ya chini kushoto. Hapo LIWA imebaki na makutano ya -I-A. Nimejaribu kila namna. Ikisogea, KALAMU inavunjika.

Jumamosi ya 13

Sikwenda Kibokoni, Ami ana mafua. Nimetunga nyumbani na nimegundua kwamba adui mkubwa wa mtungaji wa Kiswahili ni ngeli.

Ule ujanja wa flower unawezekana kwa sababu neno la Kiingereza halivai sare. Haliambatani na kitu chochote kinachosema mimi ni ua au mimi ni mto. Kwetu, ukisema "unaotiririka" umeshautaja mto kwa nusu, na ukisema "kinapikwa" mfumbuaji anaanza kutafuta vya ki-. Kila kitenzi kinapiga chapa ya nomino yake. Nilitaka kuandika dokezo la TEMBO, mnyama na pombe ya mnazi kwa pamoja, lakini mnyama ni anagema au anagemwa, na pombe ni linagemwa, na hiyo li- moja inamwaga siri yote.

Dawa niliyoipata ni kukimbilia nomino za mtendaji, mla, mkuna, mnyweshaji, ambazo zinaficha ngeli ya kitu kwa kukifanya kiwe kama mtu. Au kumwachia mnyama atawale sentensi yote, upuuzi wake uwe ndio utamu: Mnyama mkubwa anayegemwa mnazini (5). Si haki kabisa kwa kipimo cha Azed. Nimeiacha. Taarab imeishi miaka yote hii kwa kumtukana jirani kwa jina la ndege au tunda, hakuna aliyedai kipimo.

Jumamosi ya 14

Gazeti: 19 kati ya 28. Mara ya kwanza kukaribia ishirini kwa nguvu zangu. Wiki hii gazeti lilichapa madokezo ya fumbo moja na jedwali la fumbo lingine, na mimi na Ami tulihangaika dakika arobaini tukidhani tumezeeka, mpaka nilipohesabu viboksi.

Jedwali langu limekamilika. Majibu 14. Dokezo la mwisho nililiongeza jana usiku: Changanya hamira asubuhi, iache: vichwa vya kinywaji (4). Vichwa vya maneno manne ya mwanzo, CHAI. Jepesi, lakini mtu lazima apate pa kuanzia.

Nimetoa nakala mbili. Moja ya Ami, moja ya akiba.

Jumamosi ya 15

Ami amepona. Nimemkabidhi karatasi baada ya alasiri, nikakaa kwenye kona ya baraza nikijifanya nasoma gazeti. Akatoa biro.

CHAI, papo hapo. MBUZI akauliza kwa sauti, na Nyanya, aliyekuwa ndani ya mlango na tasbihi yake, akajibu kabla hajamaliza kusoma. UMA akaipata kwa kutabasamu, mama yake mkubwa alikuwa wa Amu. Kwenye KALAMU alikaa muda mrefu, kidole kinasafiri juu ya "Waliofika Lamu", kinarudi, kinasafiri, kisha akapiga paja. MASIKA ilimchukua birika zima. Aliandika herufi za samaki kwa mduara pembeni, kama alivyonifundisha, na nilipoziona zimepangwa hivyo kwa mwandiko wake nilijikuta nimeacha kupumua.

Saa kumi na mbili kasoro akaiweka kalamu chini. "Tayari. Yote 14."

Nikaitazama. Kona ya chini kushoto, kwa biro ya buluu, herufi zimesimama sawasawa kama za daftari la shehena: HINA.

H-I-N-A. I mahali pake, A mahali pake. Makutano yote mawili yamekubali. Bibi harusi hupakwa hina, nani atakataa? Kona yangu mbovu ilikuwa imemfungulia mlango akapita. Sikujua niseme nini, na kwa mtu mzima aliyenifundisha kuhesabu.

"Soma dokezo," Nyanya akasema kutoka ndani. Nikasoma: Wali kinyume, bibi harusi hupakwa.

"Na yeye kaandika nini?"

"Hina."

Kimya. Tasbihi ikasimama. "Hina na wali wapi na wapi?"

Ami akaichukua karatasi tena, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Midomo yake ikatembea bila sauti, wa-li, wa-li. Kisha akanyoosha mkono kwangu bila kunitazama.

"Mwanangu," akasema, "raba."

Nikampa. Akaisugua karatasi, na wino ukatandazika.